Nishani za Dola ya Kijerumani na Namna ya Kuwatambua Waliotunukiwa

Nishani ya Kijerumani ya zama za Kaisari, tofauti na ile ya Mwingereza, aghalabu haina jina la mwenyewe. Medali ambayo Serikali ya Uingereza ilimpa mtu aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, hata akiwa askari wa King's African Rifles aliyetoka kijiji cha mbali, ilichorwa ukingoni namba yake, cheo chake, jina lake na kikosi chake, hivi kwamba mjukuu anayeikuta leo katika kasha la babu yake huweza kuisoma kwa miwani na kujua ilikuwa ya nani. Lakini msalaba wa chuma wa Prusia na medali ya fedha ya Bavaria vilitoka kiwandani vikiwa sawasawa na vingine vyote vya aina yake, vikakabidhiwa pamoja na cheti, na cheti kilipopotea au kuliwa na mchwa, jina nalo likaenda. Kwa sababu hiyo, yeyote atakaye kujua nishani ya namna hiyo ilikuwa ya nani hana budi kukubali tangu mwanzo kwamba jawabu halimo katika chuma wala fedha, bali limo katika karatasi; na kwamba faida ya kuitazama nishani kwa makini ni kujua karatasi ipi itafutwe, na itafutwe katika mji gani.

Nawaandikia zaidi jamaa wa Tanganyika ya kale, Rwanda na Burundi, nchi zilizokuwa pamoja chini ya bendera ya Wajerumani, ambao katika nyumba zao kuna kitu cha namna hii na hawana wa kumuuliza. Nawaandikia pia wanafunzi wa tarikhi na wahifadhi wa makumbusho yetu, ambao huletewa vitu hivi pasipo maelezo.

Jambo la kutangulia mengine yote kulifahamu ni kwamba Dola ya Kijerumani, iliyoundwa mwaka 1871 na kuanguka mwaka 1918, haikuwa na hazina moja ya nishani. Ilikuwa shirikisho la madola 25, ndani yake wafalme wanne wa Prusia, Bavaria, Saksonia na Württemberg, watawala wengine wa vyeo vya chini yao, na miji mitatu huru ya Hamburg, Bremen na Lübeck. Na karibu kila mmoja wao alitunuku nishani zake mwenyewe, kwa utepe wake mwenyewe, na kuwaandika waliotunukiwa katika daftari zake mwenyewe. Kaisari Wilhelm II alipompa mtu Msalaba wa Chuma, hakumpa kwa cheo chake cha Kaisari, bali kwa cheo chake cha Mfalme wa Prusia. Huenda msomaji akaona tofauti hii ni ya makarani tu. Walakini ndiyo inayoamua kama utafutaji wako utafanikiwa au la, kwani nyaraka za jeshi la Prusia zilizokuwa Potsdam ziliteketea kwa mabomu mwezi wa Aprili 1945, ilhali za Bavaria zimesalimika München, za Württemberg Stuttgart, na za Baden Karlsruhe. Mtu aliyepata nishani ya Bavaria yaelekea alitumikia jeshi la Bavaria, na ukilijua jina lake utaweza kuyasoma maisha yake ya kijeshi mstari kwa mstari, pengine hata siku aliyolazwa hospitali. Mprusia wa cheo kilekile, aliyepigana katika handaki la jirani, huenda asiwe na zaidi ya jina lake katika orodha ya majeruhi.

Nishani zenyewe ziko za namna mbili, na mtu asiyezitenganisha hupotea upesi. Ziko zile za madaraja, ambazo asili yake ni vyama vya heshima vya wafalme, na aliyetunukiwa alihesabiwa kuwa ameingia katika chama hicho: ya juu kabisa katika Prusia ilikuwa ya Tai Mweusi, iliyoanzishwa mwaka 1701, chini yake ikawa ya Tai Mwekundu, kisha ya Taji iliyoundwa mwaka 1861. Hizi zilikwenda kwa maofisa, mawaziri, maprofesa na watumishi wakubwa wa serikali, na daraja lake lilifuata cheo cha mtu kuliko lilivyofuata kitendo chake, hata kapteni au meja aliyetumikia kwa utulivu miaka yake yote aliweza kuitazamia daraja ya nne ya Tai Mwekundu kama atazamiavyo kupandishwa cheo. Panga mbili zilizopishana zikiwamo, nishani ilitolewa kwa ajili ya vita; zisipokuwamo, ilitolewa kwa utumishi wa amani. Tena nishani hizi za madaraja kwa kawaida zilirejeshwa Berlin mwenyewe alipofariki au alipopanda daraja, na ndiyo sababu maofisa wengi walijinunulia nakala za pili kwa masonara, nakala ambazo ni za zama zilezile na ni halali kabisa, bali hazikutoka mkononi mwa mfalme. Namna ya pili ni medali na misalaba ya vita na ya utumishi, ambayo askari wa kawaida aliweza kuipata, na ambayo ilibaki kwa jamaa zake baada yake.

Katika hizo za pili, iliyoenea kuliko zote ni Msalaba wa Chuma. Ulianzishwa na Mfalme Friedrich Wilhelm III huko Breslau tarehe 10 Machi 1813, wakati wa vita vya kumfukuza Napoleon, ukafufuliwa tarehe 19 Julai 1870, ukafufuliwa tena tarehe 5 Agosti 1914. Chukua msalaba wa mwaka 1914 uuweke mkononi. Utaona umeundwa kwa vipande vitatu, kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kikashikwa katikati ya fremu mbili za fedha zilizounganishwa ukingoni. Upande mmoja una taji juu, herufi W katikati, na mwaka 1914 chini. Upande wa pili una taji, herufi FW, majani ya mwaloni, na mwaka 1813. Wengi wanaougeuza na kukuta mwaka huo wa pili hudhani wamepata kitu cha zama za Napoleon, nao ni ukumbusho tu wa mwaka wa kuasisiwa, unaokaa mgongoni mwa misalaba ya baadaye pia. Daraja ya pili ilitundikwa kwa utepe mweusi wenye michirizi miwili myeupe kwa mpiganaji, na kwa asiyekuwa mpiganaji, kama tabibu au mtumishi wa nyuma ya vita, rangi ziligeuzwa zikawa nyeupe kwa michirizi myeusi. Daraja ya kwanza haikuwa na utepe. Ilibanwa kwa pini upande wa kushoto wa kifua, wala hakuipata mtu ila awe kwanza ameipata ya pili. Katika pete ya kutundikia tazama kwa kioo cha kukuzia, kwani mara nyingi pana herufi ndogo, mathalani KO, ambazo ni chapa ya aliyeutengeneza. Nimekwisha kuona watu wenye elimu wakizihesabu herufi hizo kuwa kifupi cha jina la mwenye nishani, wakaanza kumtafuta mtu asiyekuwako. Vilevile namba 800 iliyofuatana na mwezi mwandamo na taji ni alama ya kiwango cha fedha katika sheria ya Ujerumani, wala si hesabu ya usajili.

Msalaba mmoja peke yake hauwezi kutaja mtu, kwa kuwa ya daraja ya pili ilitolewa kwa mamilioni katika vita ile. Kinachoweza kumtaja ni safu. Mjerumani mwenye nishani kadhaa alizishona pamoja katika ubao mmoja wa kitambaa, kwa mpangilio uliowekwa na kanuni, na mpangilio huo ni hazina kwa mtafutaji. Na tuseme umeletewa safu ya nishani tano. Ya kwanza ni Msalaba wa Chuma wa 1914 kwa utepe wa mpiganaji. Ya pili ni msalaba mwekundu wa enameli wenye ngome katikati, na mgongoni maneno FÜR VERDIENST IM KRIEGE 1914: huo ni msalaba wa mji huru wa Hamburg. Ya tatu ni medali ya makoloni iliyoundwa na Kaisari mwaka 1912, na juu ya utepe wake kimevishwa kibao chembamba kilichoandikwa DEUTSCH-OSTAFRIKA 1905/07. Ya nne ni medali ya shaba nyeusi ya ukumbusho wa miaka mia tangu kuzaliwa Kaisari Wilhelm I, iliyotolewa Machi 1897 kwa utepe wa manjano. Ya mwisho, mahali pa nishani za kigeni, ni Nyota Ing'arayo ya Sultani wa Zanzibar.

Soma sasa. Nyota ya Zanzibar yaonyesha mtu wa cheo, aliyefika pwani yetu kwa namna ya kupokewa na Sultani au wakubwa wake. Medali ya 1897 yaonyesha kwamba siku ile alikuwa tayari katika utumishi, basi hakuzaliwa baada ya miaka ya sabini na kitu. Kibao cha 1905/07 chasema alikuwako katika vita vya Maji Maji. Msalaba wa Hamburg wasema alikuwa mwenyeji wa mji ule au alitumikia kikosi kilichohusiana nao, kama Kikosi cha 76 cha askari wa miguu. Lakini Sultani aliwatunuku sana maofisa wa manowari zilizotia nanga Zanzibar, na mwaka 1905 manowari Bussard iliteremsha mabaharia wake pwani ya Kusini kupigana. Basi kabla ya kufungua orodha ya jeshi la nchi kavu, fungua orodha ya maofisa wa jeshi la bahari. Watu waliokuwa na Zanzibar, na Afrika ya Mashariki ya 1905, na Hamburg, wote kwa pamoja, hawawezi kuwa wengi. Na mara nyingine, mtu akiwa na subira ya kuyalinganisha majina ukurasa kwa ukurasa, hubaki mmoja tu. Hii ndiyo sababu nasema kwa mkazo wote nilio nao: safu ya nishani isifumuliwe kamwe. Mchuuzi anayezitenga nishani tano ili auze moja moja hupata faida kidogo, naye amefuta jina la mtu milele.

Picha nazo zataka uangalifu wake. Sahani za picha za zama zile hazikuhisi rangi nyekundu, na manjano zilihisi kwa udhaifu, bali buluu ziliipokea kwa wingi. Kwa hiyo utepe mwekundu hutoka karibu mweusi, utepe wa manjano wa mwaka 1897 hutoka wa kiza, na msalaba wa buluu wa Pour le Mérite, nishani ya ushujaa iliyoanzishwa na Mfalme Friedrich II mwaka 1740, hutoka mweupe kama uliofifia. Mtu anayezitambua tepe za pichani kwa kuzifananisha na rangi zilizochapwa vitabuni atakosea karibu kila mara, asipojiuliza kwanza kila rangi ingegeuka kuwa nini. Tazama zaidi maumbo, upana wa michirizi, na mahali pa kila nishani; utepe uliopitishwa katika tundu la pili la kifungo cha koti, kwa mfano, katika picha za Vita Kuu mara nyingi ni wa Msalaba wa Chuma wa daraja ya pili.

Tukija kwenye vitabu, shukuru kwamba Wajerumani walichapa majina kwa wingi. Kila mwaka kabla ya vita ilitoka Rangliste, orodha ya maofisa wote wa jeshi la Prusia kwa vikosi vyao, na mbele ya kila jina ziliwekwa alama na vifupi vya nishani alizokuwa nazo. Ya mwezi wa Mei 1914 ndiyo ya mwisho kabla ya vita, na ndiyo picha kamili ya jeshi lile kabla halijavunjika. Kila dola ilikuwa na kitabu chake cha watumishi wa serikali, na kwa makoloni lilikuwako Deutsches Kolonialblatt, gazeti rasmi lililoanza mwaka 1890, ambamo matangazo ya kupandishwa vyeo na kutunukiwa nishani yalitolewa pamoja na habari za kuondoka na kuwasili kwa meli. Shauri langu ni kwamba kabla ya kutafuta jina lolote usome kwanza kurasa za mwanzo zenye ufunguo wa vifupi, kwani kifupi kimoja huweza kubadilika maana toka kitabu hadi kitabu, na vidokezo kama d. R., yaani wa akiba, au a. D., yaani aliyestaafu, huamua utafute katika sehemu gani. Maandishi hayo yamechapwa kwa herufi za kale za Kijerumani, ambamo s ndefu hufanana na f, na k hufanana na t. Hujifunzwa kwa siku chache za bidii. Mwandiko wa mkono wa makarani ni jambo jingine, wataka miezi, na asiye na miezi hiyo ni heri atafute msaada wa mtu aliyeuzoea kuliko kukisia.

Nyaraka za Wizara ya Makoloni zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, huko Berlin-Lichterfelde, katika fungu liitwalo R 1001, na sehemu kubwa imekwisha kupigwa picha, yaweza kusomwa kwa intaneti toka Songea au Bujumbura pasipo nauli. Mabaki ya nyaraka za kijeshi za Prusia yako Freiburg. Lakini wengi husahau kwamba Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, yamo majalada ya serikali ya Kijerumani yenyewe, yaliyopangwa chini ya herufi G, ambayo hayana nakala Berlin katika mambo mengi ya bomani. Mtafutaji wa Kitanzania ana mlango huu karibu kuliko mtafutaji wa Ulaya, na ningependa kuuona ukigongwa mara nyingi zaidi.

Atakayetafuta jina la Mwafrika katika majalada hayo na ajue kwamba karani wa Kijerumani aliandika alivyosikia, kwa tahajia ya lugha yake. Herufi yetu j aliiandika dj au dsch, ch akaiandika tsch, sh akaiandika sch, y akaiandika j, na z yetu mara nyingi akaigeuza s, kama alivyoandika Sansibar, na Bagamojo, na Aruscha, na Muansa. Basi Juma bin Hamisi huenda akawa Djuma bin Chamis katika jalada moja na Dschuma katika jingine; mtafute kwa sura zote, ukiziandika kwanza kwenye karatasi kabla hujaanza. Vyeo navyo havikuwa vya Kijerumani. Hermann von Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889 aliwaajiri Wasudani toka Misri, nao wakaja na vyeo vya jeshi la Misri: efendi, soli, shaushi, ombasha. Vikaendelea hadi mwisho, hata katika zile kombania 14 zilizokuwako vita ilipoanza mwaka 1914. Na jamaa waulizwe pia jina la utani la jeshini, na kabila aliloandikiwa, maana Mmanyema aliyezaliwa Tabora aliweza kuandikwa Mnyamwezi na bwana mmoja na Mkongo na mwingine.

Hapa ndipo palipo na upungufu mkubwa katika vitabu vya nishani za Kijerumani, navyo ni vingi na vya gharama. Vimemwandika Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani la huku katika Vita Kuu, kwa ukamilifu, siku aliyopata Pour le Mérite mwezi wa Novemba 1916 na siku alipoongezewa majani ya mwaloni mwaka uliofuata. Lakini askari waliomwezesha kupigana miaka minne, hadi alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, hupita katika vitabu hivyo kama umati usio na sura. Hao nao walitunukiwa. Iko medali ya Prusia iliyotolewa kwa askari wenyeji, yenye maneno KRIEGER VERDIENST, yaani stahili ya mpiganaji, iliyotundikwa kwa utepe mweusi na mweupe. Na mwenye kuiona katika nyumba ya wazee bara au pwani asiipuuze kwa kuwa si msalaba, maana kwa askari mweusi ndiyo iliyokuwa nishani yake khasa ya vita. Karatasi zake ni chache mno. Mwaka 1964, Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoazimia kuwalipa askari wazee waliokuwa hai bakaa ya mshahara wao, wachache tu ndio waliokuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918, na husimuliwa kwamba wengine walithibitishwa kwa kupewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye mazoezi ya bunduki, wakayafanya pasipo kukosea.

Tena yuko mmoja ambaye habari zake zimehifadhiwa, na kila anayejifunza kazi hii ingefaa azisome. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari, akaingia vitani pamoja na baba yake angali mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe, akabaki huko, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Mwaka 1934, ilipoundwa kwa jina la Hindenburg nishani ya kuwaenzi wote waliopigana Vita Kuu, naye aliiomba kama walivyoomba Wajerumani kwa mamilioni. Alinyimwa. Akajipatia nishani hiyo kwa mfanyabiashara wa nishani, akaivaa hadharani akiwa katika sare ya askari. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sheria za ubaguzi wa Wanazi, akafia katika kambi ya Sachsenhausen mwezi wa Novemba 1944. Mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst alimwandikia kitabu kilichotoka mwaka 2007, akiyafuata maisha yake katika majalada ya ofisi zilezile zilizomkataa. Kwa upande wa elimu yetu, habari hii yatufundisha mambo mawili yasiyoepukika: kwamba picha ya mtu amevaa nishani si ithibati ya kutunukiwa; na kwamba kutokuwamo katika orodha ya waliotunukiwa si ithibati kwamba hakupigana. Jalada la maombi yaliyokataliwa lina thamani sawa na cheti, na mara nyingi lina maneno mengi zaidi, kwa sababu mwombaji hulazimika kuyaeleza maisha yake ili asadikiwe.

Na kwa kuwa nimekitaja kibao cha 1905/07, sitaki kukipita kama kipande cha shaba tu. Mtu aliyekivaa alikuwako wakati viongozi wa Wangoni waliponyongwa Songea Februari 1906, au wakati mashamba na ghala za Kusini zilipochomwa moto ili njaa imalize kazi ya bunduki. Wanatarikhi wa Tanzania wamekadiria waliokufa kuwa yapata 250,000 hadi 300,000. Unapoandika maelezo ya nishani hiyo, usiishie kwenye jina la ofisa na kikosi chake. Tafuta kombania yake ilipita wapi, katika mwezi gani, na vijiji gani vimetajwa katika ripoti yake. Kisha uviandike, kwa majina yake, katika karatasi ileile. Nishani iliyotambuliwa nusu, upande wa mvaaji peke yake, bado haijatambuliwa.

Bandia ni nyingi, na bandia za Pour le Mérite ni nyingi kuliko zote, kwa kuwa za kweli zilizotolewa katika Vita Kuu hazikufika 700. Anayeuziwa moja sokoni kwa bei ya ng'ombe asijisumbue. Msalaba wa Chuma waweza kujaribiwa kwa sumaku, kwani kiini chake huvutwa, ingawa wako mafundi waliotumia madini yasiyovutwa, basi sumaku ni mwanzo wa uchunguzi tu. Msalaba wenye swastika ni wa Vita Kuu ya Pili, na ule wa mwaka 1939 uliotolewa upya bila swastika kwa sheria ya Ujerumani Magharibi ya 1957 una majani ya mwaloni badala yake. Medali yenye sura ya tembo ni beji ya makoloni ya mwaka 1922, iliyotolewa wakati makoloni yenyewe yalikuwa yamekwisha kutoweka.

Usiisugue nishani kwa majivu, wala ndimu, wala dawa ya kung'arishia shaba. Hewa ya pwani yetu ina chumvi, na kiini cha chuma kikishaparuliwa rangi yake nyeusi hushika kutu ndani ya msimu mmoja. Ifunge katika karatasi isiyo na asidi au kitambaa safi cha pamba, uiweke pakavu, mbali na mifuko laini ya plastiki inayotoa jasho. Na utepe uliochakaa uuache kama ulivyo, maana uzi wa zamani ni sehemu ya ushahidi.

Ukiandikia hifadhi ya nyaraka, barua yako iwe fupi: mtu unayemtafuta na sura zote za jina lake, mahali na mwaka wa kuzaliwa hata kwa kukadiria, kikosi au boma, miaka unayoitilia maanani, na picha ya nishani pande zote mbili pamoja na kipimo chake kwa milimita. Lijulikanalo kwa cheti, lidhaniwalo kwa safu ya nishani, na lililosimuliwa na wazee yaandikwe mbalimbali, kila moja likifuatwa na jina la aliyelileta na tarehe. Nakala moja ya maandishi hayo ikae pamoja na nishani, na nyingine ipelekwe makumbusho ya mkoa au Nyaraka za Taifa, ambako mchwa na wachuuzi hawafiki kwa urahisi.